Mapafu Kwenye Kulabu

Nyama iliyofichwa haitulii. Ina miguu yake, na ikishuka kutoka kwenye kulabu inajua nyumba ya kuanzia. Sogeeni jikoni, na mwenye nyama kwake aende kwanza akaitazame, halafu arudi asikilize.

Ilianza na tone.

Kule Sari-Tala, kijiji cha chini ya milima, nyumbani kwa Ormon mwindaji, ilikuwa miezi ya majani kupukutika. Viazi vimeshachimbwa, nyasi za farasi zimeshapandishwa juu ya zizi, na asubuhi ukitoka nje unakuta maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu. Kwa baridi hiyo nyama haitoi maji. Uitundike leo, kesho kutwa imekauka kama gome. Lakini siku ya tano tangu mawindo yafunguliwe, Kalipa, mkewe Ormon, aliingia ghalani kuchota unga, akasikia: to.

Akasimama na kibaba mkononi. To.

Yalikuwa mapafu ya mbuzi wa mlimani, yananing'inia kwenye kulabu peke yake, yanadondosha damu kwenye beseni la bati. Damu mbichi, nyekundu, kama vile mnyama kachinjwa sasa hivi na roho haijamtoka vizuri.

Kalipa alifuta beseni kwa ncha ya aproni, akachota unga wake, akatoka. Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu ya kutomwambia mtu.

Sababu yenyewe ilikuwa darajani.

Watu wa kule wana neno lao, shiralga. Mwindaji akishuka mlimani na nyama, yeyote anayekutana naye njiani akisema neno hilo, basi mwindaji atakata fungu ampe. Awe rafiki, awe adui, awe mtu aliyekutukana jana msikitini. Huulizi. Baba yake Ormon, Mungu amrehemu, alishawahi kumpa paja zima mtu aliyemwibia farasi, na farasi mwenyewe yupo hapo hapo, mwizi kampanda. Alimpa, akamsalimia, akaenda zake. Asubuhi ndiyo akaenda kumpiga.

Siku ya kwanza ya mawindo Ormon alipata beberu wa mlimani, pembe zake zimejikunja mpaka mgongoni. Kalipa alikuwa amepanda na mkokoteni wa punda kuchukua nyasi za mwisho, wakakutana juu kidogo ya daraja. Akaangalia chini. Darajani amekaa Zuura.

Zuura alikuwa mjane wa kaka yake Ormon, nyumba yake ng'ambo ya mfereji. Ugomvi wao yeye na Kalipa ulikuwa na miaka thelathini. Siku Kalipa anaingia kama bi harusi, Zuura alimtazama anakata unga wa tambi akasema mbele ya wanawake wote, "Mdogo wangu, unakata unga au unampigilia farasi viatu vya chuma?" Watu wakacheka mpaka machozi. Kalipa hakusahau. Halafu ikaja habari ya birika kubwa la shaba la mama mkwe, nani alibaki nalo. Halafu tai. Tai alikuwa wa marehemu mumewe Zuura, alimkamata kinda akamfundisha mwenyewe, na marehemu alipozikwa Ormon akamchukua, na katika miaka sita ya mbweha waliokamatwa Zuura hakupata hata ngozi ya kushona kofia.

Msimu ule Zuura alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, cha mlio mmoja, kama mtu anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe. Na nyama ya mbuzi wa mlimani ni dawa, kila mtu anajua, mnyama yule anakula majani ambayo binadamu hayafikii.

"Amekaa pale kutungoja," Kalipa alisema. "Atataka kubwa. Weka kwenye nyasi."

"Mke wangu, ni siku ya kwanza."

"Na mkweo ana mimba ya miezi minane, hapati usingizi kwa hamu ya nyama hii. Mumewe yuko Urusi anabeba matofali. Nani atamlisha, Zuura?"

Ormon alimtazama. Ndilo kosa lake, alitazama tu. Wakamfukia beberu chini ya nyasi, wakashuka.

Walipofika darajani Zuura aliinuka, ameshika bakuli la udongo chini ya shali. Akasema taratibu, "Shiralga, shemeji." Kisha, kwa kuwa alimjua mke wa shemeji yake, akaongeza, "Sitaki paja, mdogo wangu. Mapafu tu. Nichemshe supu ya kifua."

Ormon akakiangalia kichwa cha punda. Kalipa ndiye aliyejibu, na alijibu kwa utani, kwa sauti tamu.

"Milima mitupu mwaka huu, dada. Hata kinyesi hakukiona."

Tone likaanguka kutoka kwenye mkokoteni. To, juu ya ubao wa daraja. Wote watatu walilitazama. Zuura alirudisha bakuli chini ya shali.

"Haya," alisema. "Hicho msichokipata kikae kwenu."

Akakohoa, akaondoka. Usiku ule mkwe wao, Aizirek, alikula ini akalamba na vidole, na Kalipa alimtazama akila, akajiambia amefanya sawa. Mapafu aliyatundika ghalani. Hakujua atayafanyia nini, nyumbani kwake hakuna mtu aliyekuwa anayapenda.

Siku ya kumi na mbili Zuura akafa.

Kalipa ndiye aliyemwosha, maana ndiyo heshima ya mke wa mdogo mtu kwa mke wa kaka mtu. Alipompitishia mkono kifuani, pumzi iliyokuwa imebaki ndani ikatoka puani polepole, kama mtu aliyetaka kusema kitu akaghairi. Wanawake wengine hawakusikia. Kalipa alikaza macho kwenye maji. Alilia sana mazishini, kuliko binti wa marehemu, mpaka watu wakasema, tazama, kumbe walipendana.

Aliporudi aliyatoa yale mapafu, akamtupia mbwa. Mbwa, dume la kuua mbwa mwitu, aliyanusa, akaingia chini ya gari bovu, akalia kama kitoto cha mbwa. Kalipa akayachukua kwa koleo akayatupa shimo la majivu. Asubuhi anaingia ghalani kuchukua chumvi. To. Yapo kwenye kulabu.

Siku ya Alhamisi alikaanga maandazi, harufu ya mafuta iwafikie marehemu, kama inavyopasa. Lakini harufu iliyojaa nyumba haikuwa ya mafuta. Ilikuwa harufu ya damu ya moto na manyoya yaliyolowa. Aizirek alisimama mlangoni ameziba pua.

"Mama, umepika nini?"

"Maandazi, mwanangu."

"Mama, nani anakohoa ghalani?"

Kalipa alizima jiko. "Hakuna anayekohoa. Nenda ukalale." Akamsikia mkwewe akitembea kuelekea chumbani, hatua tatu anasimama kuvuta pumzi, hatua mbili anasimama tena.

Alingoja mpaka nyumba ilipotulia, akachukua taa akaenda kutazama kwa macho yake, maana aliona aibu kumwogopa mtu ambaye alimwosha mwenyewe kwa mikono yake, na alipofungua mlango wa ghala taa ikapungua kama mtu kaifunika kwa kiganja, na katika mwanga ule mdogo aliyaona mapafu kwenye kulabu yakijaa, taratibu, yakijaa kama ya mtu aliyelala usingizi wa amani, halafu yakishuka, halafu yakijaa tena, na kila yakishuka kinatoka kikohozi kile kile kikavu cha mlio mmoja, na kutoka ndani ya nyumba, ukutani upande wa pili, alimsikia Aizirek akivuta pumzi kwa shida, na pumzi zile zilikuwa zinafuatana na hizi, pumzi kwa pumzi, hii ikijaa ile inapungua.

Alimwamsha mumewe.

"Ormon. Mapafu yanapumua."

Ormon hakucheka. Aliinuka akakaa kitandani.

"Nilikwambia," alisema.

"Hukuniambia. Ulinitazama."

"Ni kitu kile kile."

"Si kitu kile kile. Ungesema, ningekusikia."

"Miaka thelathini sijaona siku uliyonisikia," Ormon alisema, lakini kwa upole.

Wakamleta Batma kutoka kijiji cha chini, bibi mfupi mwenye kijambia chenye kutu, anayefukuza majini ya uzazi. Batma hakuvuka kizingiti cha ghala. Alinusa tu, akakunja uso.

"Mmemnyima nani?"

Ormon akatazama viatu vyake.

"Ninyi watu," Batma alisema. "Mtu akikuomba nyama ukasema haipo, umeshaitoa mikononi mwa wanadamu. Kuna wanaokula visivyokuwepo. Amekuja mmoja, huyu jini wa nywele za manjano, albarsti, na mlango mlimfungulia wenyewe. Anawinda kama Ormon anavyowinda. Atangoja uchungu ushike, atachukua mapafu ya binti, atayapeleka mferejini. Yakigusa maji, chimbeni makaburi mawili, kubwa na dogo."

"Tumfanyeje?" Kalipa alinong'ona.

"Nani mmemnyima?"

"Hatukumnyima mtu," Kalipa alisema.

Batma alimtazama kama unavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. "Mficha uchi hazai, Kalipa. Na leo anayezaa si wewe. Leteni tai. Albarsti anaogopa jicho la tai."

Uchungu ulimshika Aizirek siku ya theluji ya kwanza, baada ya alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Tai akaletwa akawekwa kichwani pa kitanda, Ormon akamvua kofia ya ngozi iliyomfumba macho. Ndege yule, aliyewahi kushika mbwa mwitu kwa uso, alimtazama Kalipa. Tangu Zuura afe alikuwa hagusi chakula. Alimtazama, kisha akageuka, akatia kichwa chini ya bawa.

Batma aliona. Akaanza kusoma, anazungusha kijambia juu ya tumbo la binti. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango ambao bawaba zimeshang'oka. Midomo ya Aizirek ikawa ya bluu. Alimshika Kalipa mkono.

"Mama, kuna mtu amekaa juu yangu."

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Usiseme hakuna," Aizirek alisema. Ndiyo pumzi yake ya mwisho ya kusemea. Akafungua mdomo kama samaki, na hewa haikuingia.

Pale pale Kalipa akasikia mlango wa ghala ukifunguka. Na nyayo za mtu asiye na viatu, pwa, pwa, uani, zinaelekea mferejini, na kati ya nyayo, to.

Akatoka mbio bila shali. Alipita nyuma ya zizi, njia ya mkato, mama wa miaka hamsini na tano anaruka magogo, na katika kukimbia kule hakukumbuka dua hata moja, alizozijua zote zilimkimbia, alikumbuka tu maneno ya Batma kwamba anawinda kama Ormon anavyowinda, na kama anawinda basi anashuka na nyama, na kama anashuka na nyama basi njia yake ni daraja lile lile na sheria yake ni ile ile, iliyokuwepo kabla ya babu wa babu zetu, na ndipo alipofika darajani akakaa chini pale pale alipokuwa amekaa Zuura, kwenye ubao ule ule, akatazama ukungu ukifunguka na mwanamke akitoka ndani yake, mrefu, nywele za manjano zinaburuzika kwenye theluji, hana uso unaoshikika kwa jicho, amekunja upindo wa nguo yake kama mama aliyetoka kuokota mayai, na upindo ule ulikuwa unajaa na kupungua, unajaa na kupungua, kila mara kidogo zaidi.

"Shiralga," Kalipa alisema.

Yule mwanamke akasimama. Akainamisha kichwa, na sauti iliyotoka ilikuwa tamu, yenye utani, na Kalipa aliijua kwa sababu ilikuwa yake.

"Milima mitupu mwaka huu, dada. Hata kinyesi sikukiona."

To, juu ya ubao.

Hapo Kalipa alijua Zuura alikuwa amesikia nini siku ile. Si uongo, uongo watu wanasikia kila siku. Ule utamu wake.

"Unayo," alisema. Kisha akapaza sauti, mpaka ng'ambo ya mfereji kwa binti wa Zuura mlango ukafunguka, mpaka majirani wakatoka kwenye theluji. "Unayo, kama mimi nilivyokuwa nayo. Nilikuwa na beberu mzima chini ya nyasi. Dada Zuura aliniomba mapafu, mapafu tu, na mimi nilimsikia anavyokohoa, nikamwambia hakuna. Damu ilianguka hapa hapa uliposimama. Aliiona. Nilimwona akiiona. Nikaenda zangu. Nimemwosha na nimemlilia na bado sikusema. Basi nimesema. Sasa nikatie fungu langu."

Maji yakapita chini ya daraja. Halafu jini likatia mkono kwenye upindo na kitu kikaanguka mapajani mwa Kalipa, cha moto, kizito kama mkate wa tanuri. Pafu moja.

"Na jingine?"

"Fungu si nyama yote, dada. Mwindaji naye ana njaa."

Kalipa alimsikia Aizirek mbali, ndani, anakoroma kwa pumzi nusu. Akafungua vifungo vya koti lake.

"La pili chukua hapa."

Alichosikia baadaye ni baridi. Kama mtu kaingiza mkono kwenye sanduku la nguo na kutoa shuka. Halafu akasikia mtoto analia.

Ormon alimkuta amelala ubaoni, midomo bluu, mapajani hana kitu. Aizirek alikuwa hai. Mtoto wa kike, mzima, ana nywele mpaka masikioni. Tai alikuwa amekula kipande cha nyama mkononi mwa Batma. Asubuhi walifungua ghala, kwenye kulabu palikuwa na pafu moja tu, limekauka kama gome, na Ormon akalizika miguuni pa kaburi la Zuura, akamwomba shemeji yake msamaha kwa sauti, yeye mtu aliyekuwa hasemi.

Kalipa aliomba mtoto aitwe Zuura. Aizirek akakataa.

"Hapana, mama. Ulimnyima nyama, sasa unataka kumlipa kwa mtoto wangu? Kila nikimwita mwanangu, niwe nataja kosa lako?" Alisema bila ukali, anamkunja mtoto kwenye blanketi. "Hilo lako. Libebe mwenyewe."

Wakamwita Gulsun. Na binti wa Zuura, ng'ambo, tangu siku ile alikuwa anamsalimia Kalipa vizuri, kwa heshima zote, wala hakumkaribisha ndani tena.

Tangu hapo Kalipa anapumua upande mmoja. Hapandi mlima, hakandi unga mwingi, na jioni anakohoa kikohozi kikavu, cha mlio mmoja. Majani yakianza kupukutika na mawindo yakafunguliwa, anachukua bakuli la udongo, anakwenda kukaa darajani. Wawindaji wakishuka anasema neno, wanamkatia, na yeye anapeleka kwa kila mwenye kifua kijijini, asibakishe hata mfupa. Watu wanafikiri anatubu. Anatubu, ndiyo. Lakini pia anahesabu.

Maana kila mwaka siku ya kwanza wanapanda wanne, na wanashuka watano. Wa tano anakuja nyuma, ukungu ukishatanda, hana farasi. Kalipa anamwambia, "Shiralga." Naye anajibu, kwa sauti ile tamu, "Milima mitupu mwaka huu, dada." Kalipa anatazama ubao. Ubao mkavu. Anamwacha apite.

Miaka sita ubao ulikuwa mkavu.

Msimu huu Gulsun amepoteza jino la kwanza, na Aizirek ana mimba tena, na wanawake wengine wawili wa mfereji ule pia. Wapanda farasi wanne walipita, wakampa, wakamtania, "Bibi, mwaka huu tukukatie na pembe?" Akacheka nao. Ukungu ukashuka. Wa tano akaja, akasimama.

"Shiralga," Kalipa alisema.

"Milima mitupu mwaka huu, dada."

To.

Kalipa hakuuliza ni mapafu ya nyumba ipi. Aliweka bakuli chini, akashika ukingo wa daraja, akavuta ile nusu ya pumzi aliyobakiwa nayo, na kabla hajalisema tena lile neno, alianza kufungua vifungo vya koti.